Mshono wa Mbaazi

Mimi nafundisha baiolojia, na kinachonikera kuliko chaki iliyolowa ni mtu kusema wazo zuri "limemjia tu." Limetoka wapi, hewani? Basi nitawaeleza wazo la Najat lilivyokuja, maana nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda cha pili.

Najat ni binti wa nyumba ninayopanga hapa Makorora, fundi cherehani. Ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Akikupima nguo anakwambia umenenepa bila kuulizwa. Aliachika akiwa bado kijana, akarudi kwa baba yake, Mzee Hatibu, na tangu hapo wawili hao wanaishi kwa kutaniana.

Mwaka jana Mzee Hatibu alipata kiharusi. Ulimi ulirudi, mguu ukarudi kiasi cha kutembelea mkongojo, lakini mkono wa kushoto ukabaki umelala ubavuni. Ukiuinua, anaumia sana. Na kanzu haivaliwi bila kuinua mikono. Ijumaa ya kwanza Najat alimvisha kwa nguvu, na mzee akalia mbele ya binti yake. Baada ya hapo akawa anasali chumbani, na shati la vifungo, mlango umefungwa, huku wenzake wakipita dirishani kwenda msikitini. Kwenda Ijumaa na shati hakuweza, hakuwahi hata ujanani. Kuvishwa tena hakutaka hata kusikia.

Najat akaanza kukuna kichwa. Alishona kanzu akaiacha wazi mbele, toka shingoni hadi miguuni, akaitia vifungo, akaipeleka chumbani amejaa furaha. Mzee aliigeuzageuza kwa mkono wake mmoja.

"Hili joho, mwanangu," akasema. "Mie harusi yangu ishapita."

Kanzu inapitishwa kichwani; ikifunguka mbele ni joho la bwana harusi, na pwani hii hata mtoto hakosei hapo. Mimi mtu wa Lushoto nilicheka. Najat hakucheka. Akashona nyingine yenye mikono mipana kama magunia, nayo ikakwama begani palepale. Akaongeza shingo, mzee akaonekana kavaa dera. Ikawa Najat anakaa mbele ya kitambaa bila kukikata, anawafokea wateja, chakula kinapoa.

"Mwalimu Anastazia," aliniambia siku moja, "babangu atakufa bila kuiona Ijumaa nyingine, na fundi ni mie."

Nilimwonea huruma, nikamwambia aache kwanza. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi: ubongo ukiukazania sana unarudia njia ileile iliyokwisha kanyagwa, na njia yake yeye ilikuwa shingo na mabega, shingo na mabega. Upe kazi nyepesi ya mikono, utalegea, na mambo yaliyokaa mbalimbali humo ndani yatapata nafasi ya kukutana. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kama umeshamaliza kufundisha," akasema, "shika mbaazi." Akanisogezea ungo.

Tukapukuchua mbaazi mbichi. Tukamsema jirani kidogo, tukalisema joto. Kisha nikaona vidole vyake vimesimama. Alishika ganda moja, amelipasua kwa ukucha kwenye ule uzi wa ubavuni, na mbaazi zimelala ndani zimetulia, hakuna hata moja iliyosogea. Akalifunga. Akalifungua tena.

"Mbaazi haikuingizwa humu," akasema polepole. "Ganda ndilo limeifunga."

Akainuka ghafla, ungo ukapinduka. Mbaazi niliziokota mimi.

Mshono wa ubavuni Najat ameushona maisha yake yote, katika kila kanzu, na hakuwahi kufikiri kwamba unaweza kuachwa wazi. Alikuwa nao, mbaazi alikuwa nazo, na mkono wa baba yake ulikuwa haumtoki akilini. Vilikuwa havijakutana tu. Ndiyo maana nasema hakikuja kitu kutoka hewani.

Alichukua kanzu ya mzee, akaifumua upande wa kushoto, kutoka mwisho wa mkono, kupita chini ya kwapa, hadi kiunoni. Pembeni akatia ule utepe unaonata wenyewe, wa viatu vya watoto. Kichwa kinapita kama kawaida, mkono mzima unaingia, kisha upande wa kushoto unauangukia mkono uliolala, na ule mzima unakuja kufunga kwa chini. Mbele, kola na darizi ni zilezile za kanzu.

Ijumaa mzee alijifungia nayo chumbani. Tulisikia utepe ukinata na kubanduka, ukinata na kubanduka. Najat aliinuka kwenda kumsaidia, nikamshika gauni. Adhana ilikuwa inaisha mlango ulipofunguka. Kanzu ilikaa upande kidogo begani.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Kofia yangu mmeiweka wapi?"

Najat alimpa kofia. Mzee alipoondoka, Najat hakushona hata mshono mmoja. Alikaa anaitazama njia mpaka mkongojo ukasikika tena.

"Wamesemaje, baba?"

"Kuhusu nini?"

"Kanzu."

Mzee alikaa kwanza, akavua kofia, akaiweka gotini. "Hakuna aliyeuliza," akasema.

Najat alijifunika uso kwa mtandio akalia kwa furaha, na mimi nikalia naye. Siku hiyo sikumfundisha mtu habari za ubongo.