Adhana ya Pili

Mamangu alisahau jina langu kabla hajasahau adhana. Nasema hivi bila kulia kwa sababu nilishalia zamani, na machozi yenyewe hayakumrudishia kitu.

Alikuwa akiishi peke yake Mambrui, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Mimi niko Malindi, nashona mapazia. Nilimwomba ahamie kwangu mpaka ulimi ukanichoka, naye jibu lake lilikuwa moja: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi na jembe lako tuachane." Kakangu aliye Mombasa kazi yake ilikuwa kupiga simu tu. "Mtoe mama pale, atakufa peke yake." Mtoe! Kana kwamba mama ni kabati. Nikamwambia basi njoo umtoe wewe. Akakata simu.

Lakini kakangu alikuwa na haki ya kuogopa. Mama alikuwa na presha na sukari, na juu ya hayo ule ugonjwa wa kusahau, ambao daktari alituambia hauponi. Vidonge vyake vilikuwa vya kunywa mara moja kwa siku, asubuhi, pamoja na chakula. Asipokunywa, sukari inapanda polepole. Akizidisha, inashuka ghafla, na hiyo ya kushuka ndiyo inayoua upesi. Daktari akaniuliza ni nani anayempa dawa. Nikamwambia anakunywa mwenyewe. Akaendelea kuandika.

Nilihangaika, jamani. Nikimpigia simu asubuhi anasema "nishakunywa, kwani mimi mtoto?", na nikienda navikuta vidonge palepale. Jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwema sana, alijitolea kumpa, mama akamfukuza mpaka barabarani akidai anataka kumlisha sumu. Yule mama wa watu akarudi kwake na glasi ya maji mkononi.

Halafu nikaona jambo moja. Sala haikumpotea. Alikuwa akisahau kama amekula, akisahau kama baba amekufa, na kila nikienda ilinibidi nimpe tanzia upya naye alie upya. Lakini mwadhini akisema alfajiri kwamba sala ni bora kuliko usingizi, mama huinuka, hutawadha, husali, wala hakosei hata kidogo. Basi nikaifunga dawa kwenye adhana. Nilikunja dozi kwenye vikaratasi, vile wenye maduka wanavyofunga pilipili manga, nikavitia kwenye bakuli kando ya mswala, pamoja na maji na kopo la mikate mikavu. Nikahamia kwake kwa muda, na kila alfajiri nikamwambia maneno yaleyale: "Mama, ukisikia sala ni bora kuliko usingizi, sali, kisha ule, kisha kikaratasi kimoja." Akawa anayarudia kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura.

Ikamshika. Wallahi ikamshika! Nikarudi Malindi, na kila Ijumaa navuka daraja la Sabaki kwa tuktuk kwenda kujaza bakuli, nakuta vikaratasi vimepungua sawasawa. Nilimpigia kakangu nikamringia. Nilijiona nina akili kuliko hospitali nzima.

Siku moja jirani akaniambia, "Mamako kazidi ibada siku hizi, mashallah. Namsikia alfajiri anatawadha, akimaliza kidogo anatawadha tena. Sisi tunaolala tunaona haya." Nikacheka, nikafurahi kwelikweli. Nikasema huyo ndiye mamangu, ibada ndiyo iliyombakia.

Wiki hiyohiyo simu ikalia asubuhi, ni yule jirani. Mama kakutwa amekaa kizingitini, jasho linamtiririka, ulimi mzito, hajui yuko wapi. Tukamkimbiza hospitali, na sukari ilikuwa imeshuka hata daktari akauliza kapewa nini. "Kapewa alichoandikiwa," nikajibu kwa ukali, maana nilidhani ananisingizia. Walimtundikia dripu, akafumbua macho, akaomba chai. Daktari akapunguza dozi, akaniambia safari nyingine huenda tusiwahi.

Nilimrudisha Mambrui kwa sababu alilia apelekwe kwake. Bakuli lilikuwa tupu, na Ijumaa ilikuwa bado mbali. Nikawashuku panya. Nikamshuku jirani pia, Mungu anisamehe. Nikatia vikaratasi viwili tu, nikajilaza kwenye kitanda cha pili nione vinakwenda wapi.

Alfajiri msikiti wa karibu ukaadhini. Mama akainuka, akatawadha, akasali, akatafuna mkate wake taratibu, akafungua kikaratasi, akanywa. Akarudi kulala. Nikasema alhamdulillahi, kumbe kosa haliko hapa.

Kabla sijafumba macho, adhana nyingine ikaingia dirishani, nzito, ya msikiti wa upande wa pili wa mji, ambao tangu utoto wangu sauti yake haikuwa ikitufikia. Nikakumbuka kwamba kuna mtu mwenye kheri aliwanunulia spika mpya, watu wakamwombea dua, na mimi mwenyewe niliitikia amina. Sala ni bora kuliko usingizi. Mama akainuka kana kwamba ndiyo kwanza kunakucha. Akatawadha. Akasali. Akatafuna mkate. Akanyoosha mkono kwenye bakuli.

Nikauwahi ule mkono. Ulikuwa bado una maji ya udhu.

"Basi, Mama. Ushakunywa."

"Niache! We nani?"

"Ni mimi, mwanao."

"Mwanangu namjua," akasema, na macho yake yakawa makali kama ya zamani. "Mwanangu kaniambia nikishasali ninywe dawa. Hasemi uongo yule. Wewe umeingiaje humu ndani?"

Iliniuma, sifichi. Nilitaka kumpigia kelele kwamba ni mimi niliyekwambia, mimi hapa, nitazame! Nikabaki nimemshika mkono, naye anajivuta, na kikaratasi kimo ndani ya ngumi yake. Adhana singeweza kuizima, wala singeweza kumfunza kuisahau. Akibaki pale peke yake hata wiki moja, atakufa kwa kunitii. Na nikimwambia tuondoke, nilijua jibu lake.

"Mwanao ndiye aliyenituma," nikamwambia. "Hicho kikaratasi kasema nikupokee, na wewe nikupeleke kwake Malindi."

Ngumi ikalegea kidogo.

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema mwenyewe."

"Ebo! Sasa mbona hukusema tangu hapo?"

Akanipa kikaratasi. Akaenda kwenye msumari wake nyuma ya mlango, akatungua buibui, akavaa, akalikung'uta vumbi begani. Miaka yote ile nilimbembeleza mtu huyu, hakukubali hata kulala kwangu siku mbili. Akasimama mlangoni akiwa tayari, akaniuliza kama huko kwa mwanawe mswala upo, au abebe wake.