Sare ya Mdogo Wangu

Harufu ya pasi ya mkaa hunirudisha asubuhi zile, baba alipochukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vitani. Mama aliniachisha shule nikate majani ya ng'ombe. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa moja nyuma yangu, akaendelea kusoma. Mimi ndiye niliyempigia sare pasi, huku moyo ukiniuma.

Jioni moja alirudi akinukia chaki. "Dada, leo tumejifunza hesabu za sehemu. Nikufundishe?"

"Nina majani ya kukata," nilimjibu, ingawa banda lilikuwa limejaa majani tayari.

Baba aliporudi salama, nilirudishwa shule. Wenzangu walikuwa wameshavuka darasa. Mwalimu akanionyesha nafasi kwenye dawati la mdogo wangu.

"Kaa hapa, Dada, nitakuelekeza," alininong'oneza akitabasamu.

Nilikaa, nikageukia dirisha.