Siku Tatu za Kukausha Utando

Dada yangu hasahau. Wengine ukiwapa muda husamehe; yeye ukimpa muda anajipanga.

Mimi ndiye niliyempa sababu ya kwanza. Natengeneza simu, na siku moja nilifungua iliyovimba mgongo. Kufumba na kufumbua, mkono wa kulia ulikuwa unawaka. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Ndani ya betri za simu mna majimaji ya kupitishia chaji, nayo hushika moto kama petroli. Dada alikaa kando ya kitanda changu hospitalini, akautazama mkono, akasema, "Hayo maji nitayatoa humo."

Nilidhani ni uchungu unaosema. Kumbe alikuwa anaapa.

Wakati huo alikuwa mwosha vyombo katika maabara ya kemia. Miaka kumi na moja baadaye alikuwa fundi wa maabara ile ile, na wenzake wakimwita Mama Utando. Mahali pa majimaji aliweka utando: unga wa plastiki na chumvi ya lithiamu, anaviyeyusha pamoja, anavimimina juu ya kioo, vikikauka anabandua taratibu. Wa kwanza ulipasuka, wa ishirini ulinata, wa mia na kitu ukakubali. Betri yake ukiitoboa kwa msumari, taa inaendelea kuwaka.

Adui yake alikuwa unyevu. Utando hunywa maji ya hewani bila mtu kuona, na lithiamu ikikutana na maji hutoa gesi, betri ikavimba. Tanuri lao lilikuwa kuukuu, mpira wa mlango umechoka, kwa hiyo pale ambapo vitabu vinasema kausha siku moja, yeye alikausha tatu.

Mkuu wake, tuliyemwita Daktari, hakuwahi kumimina hata utando mmoja. Alikuwa na tai nyingi na kalamu moja nyekundu. Ripoti ilipotoka, jina lilikuwa lake peke yake. Dada alijikuta ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, kati ya dereva na mlinzi, tena bila jina: "fundi wetu." Alipokwenda kuuliza, akajibiwa, "Binti, wewe ni mikono. Mikono haiandiki ripoti." Binti, na umri wake miaka arobaini na tatu.

Alikuja kibandani kwangu, akakaa, akamenya chungwa langu bila kuomba.

"Amesema mimi ni mikono."

"Niende nikamvute hiyo tai?"

"Kaa chini. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Basi wakatangazwa wageni wa kuja kuchagua nani aongoze kiwanda cha majaribio. Atakayechaguliwa, utando utaitwa wake, basi. Siku ya kuwaonyesha betri ikawahishwa. Dada alikuwa ameandika kwenye daftari la kazi, "Kausha siku tatu." Daktari akakata kwa wino mwekundu, akaandika "moja," akatia sahihi, maana pale hakuna anayebadilisha neno daftarini bila sahihi. Dada angeweza kumweleza. Miaka yote amekuwa akimweleza. Safari hii alisema, "Sawa, Daktari," akakausha siku moja kama alivyoandikiwa.

Siku ya wageni aliniita nikaunge nyaya za taa. Daktari alisimama mbele ya meza akihutubia, betri ikiwa nyuma yake. Nikaona mgongo wake unapanda. Betri, si Daktari. Vidole vyangu vilijua kabla yangu. Nikamtazama Dada. Hakuwa anaiangalia betri. Alikuwa anamwangalia yeye.

Taa ikazimika. Daktari akageuka, msumari mkononi, akanyoosha kiganja kitupu kuubonyeza ule uvimbe. Kilibakiza kama upana wa kidole kuufikia. Ndipo Dada alipomdaka mkono.

"Usishike."

Akaichukua betri kwa koleo, akaizika kwenye ndoo ya mchanga mkavu. Mama mmoja kati ya wageni akauliza nani aliyekausha utando ule.

"Fundi wangu," Daktari alisema. "Ni mzembe."

Dada akafungua daftari, akaligeuza wageni wasome wino mwekundu na sahihi. Kisha akatoa betri yake mwenyewe, ya siku tatu, nikaunga nyaya, akapigilia msumari katikati. Taa haikupepesa. Akaweka viganja vyake juu ya meza.

"Mikono ndiyo hii," alisema.

Mgeni yule akaomba jina lake kamili, akaliandika. Nilifurahi, sifichi. Daktari alilegeza tai akatoka bila kuaga, nami nikajihisi nimeshiba. Siku hizi kiwanda kinaongozwa na Dada, na Daktari yumo kwenye shukrani za ripoti mpya, kati ya dereva na mlinzi. Orodha kaipanga Dada.

Lakini jioni ile, tukitembea kurudi, nilimuuliza kama kweli angemwacha ashike.

"Nilijiambia nitahesabu mpaka tano," alisema.

"Ulifika ngapi?"

"Tatu. Nikakuona umevikumbatia vidole vyako, nikashindwa."

 Na mimi nilikuwa nahesabu, na nilikuwa nimefika nne.