Neno Chini ya Mwanamume Mwenye Ndevu

Tata aliponyang'anywa sauti na kiharusi, mimi nilikuwa nauza kompyuta za tableti mjini Kisii. Majirani waliona hiyo ni bahati. "Si wewe ndiye mwenye mashine?" waliniambia. "Mtafutie moja aongee nayo." Walisema kama vile sauti ya mtu ni chaja, ikipotea unaingia dukani unachukua nyingine.

Namwita tata kwa sababu ndivyo tunavyomwita mzazi wa kiume kwa Ekegusii, lugha yetu. Neno "baba" kwetu ni mama. Wageni hucheka wakisikia hivyo, lakini sisi tuliumia nalo tangu darasa la kwanza. Mwalimu aliandika ubaoni "Baba analima", na darasa zima likamwona mama yetu shambani na jembe. Wala hatukukosea sana, maana ndiye aliyelima.

Tena mimi nilipewa jina la nyanya yangu, mama mzazi wa tata, aliyekufa kabla sijazaliwa. Anayebeba jina la marehemu hubeba na heshima yake, kwa hiyo tata hakuwahi kunitaja jina maisha yake yote. Aliniita "baba", yaani mama yangu. "Baba, niletee msasa." "Baba, umekula?" Nilipokuwa mdogo, mdomo mwingi, nilijifunza kumwitikia kwa sauti nzito ya kikongwe: "Ee, omwana one." Ndiyo, mwanangu. Tata alicheka mpaka akaweka kisu chini asije akajikata. Dada yake, shangazi yangu, hakucheka. Alisema marehemu hachezewi hivyo, atakuja siku moja kudai jina lake.

Tata alikuwa mchongaji wa mawe ya sabuni, yale laini yanayokubali kisu, huko kwetu Tabaka. Kiharusi kilimkuta ameketi kwenye gunia anachonga kiboko. Kiboko alikuwa ameshapata masikio, bado macho. Tata akaegemea upande mmoja taratibu, mama akadhani anatafuta kifaa chini. Aliporudi kutoka hospitali, upande wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yote yamekwenda, isipokuwa moja. Alilitoa kwa shida, mdomo ukipinda, mate yakimtoka. "Ba... ba."

Kila nilipofika nyumbani Jumamosi nilimsikia akilisema kabla sijavuka ua, na moyo ulinirukaruka. Ananiita. Sauti imekwenda na maneno yote lakini jina langu limebaki. Nililia njiani kwa furaha, nakiri.

Ndipo shangazi akaniharibia. Alinikalisha jikoni, akasema polepole, kwa upole ambao si wake, "Usijidanganye. Analisema hata ukiwa Kisii. Analisema akiangalia ukuta. Mtu akianza kumwita mama yake aliyekufa, ujue huyo mama ameshamshika mkono."

Nilimkasirikia vibaya. Lakini maneno yake yaliingia na hayakutoka. Anamwita nani? Mimi, au yule aliyeniachia jina? Neno ni lile lile na kinywa ni kile kile, na yeye hangeweza kunieleza. Nilichotaka ni aongeze neno la pili tu. "Baba, maji." "Baba, njoo." Basi ningejua ananiita mimi, na kwamba bado yuko upande wetu.

Hivyo nikaanza kulinganisha mashine. Kazini nilikuwa nafanya hivyo kutwa. Mwanafunzi anataka kibodi ya kuchomeka, mchungaji anataka kioo kikubwa aonekane ana kitu mkononi, injinia wa barabara anataka kalamu. Nilikuwa na maneno ya kila mmoja, matamu kama ya mshenga. Usiku na mchana matangazo yalituletea habari za tableti zitakazokuja: kalamu inayojua umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, mashine inayosikia lugha zote za dunia. Lugha zote! Nilitamani kumkamata aliyeandika vile, nimkalishe mbele ya tata.

Bosi wangu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisii, duka alirithi kwa babake. Alinionea huruma. "Chukua ya maonyesho," aliniambia. "Jumatatu rudisha. Mzee akikwaruza, hakuna maneno."

Ya kwanza ilikuwa ya kidole. Sikujua kwamba vidole vya mchongaji havina tena ngozi ya kawaida. Jiwe na msasa vilikuwa vimevisugua kwa miaka mingi hadi vikawa vikavu na laini kama mgongo wa kijiko. Tata alikigusa kioo kwa mkono wa kushoto, na kioo hakikumwona. Aligusa tena. Kisha akafanya kitu ambacho watengenezaji wale hawakukiota: alichovya vidole kwenye kikombe cha maji, akakipaka kioo chote maji kwa kiganja. Ndivyo mchongaji anavyofanya. Jiwe kavu halikuonyeshi rangi yake mpaka ulilowanishe. Kioo kikarukwa na akili, kikafungua kamera, kikaongeza sauti, kikajipigia picha. Tata alikifuta kwa shati, akakitazama, akaniangalia kwa masikitiko, kana kwamba mimi ndiye niliyeleta jiwe bovu.

Nilileta ya kibodi. Alikuwa amesoma kidogo, herufi alizijua. Kwa kidole kimoja, baada ya kuhangaika mpaka jasho likamtoka, aliandika neno la Ekegusii, na mashine ikalibadilisha papo hapo kuwa la Kiingereza. Alilifuta, akaandika upya. Ikalibadilisha tena. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na Ekegusii hakikuwapo siku mashine hizo zilipotungwa. Nilizima ule usahihishaji, lakini tata alikuwa ameshageuza uso. Amekuwa mtu wa kuheshimika Tabaka nzima, halafu kitu cha plastiki kinamsahihisha lugha ya mama yake.

Ya sauti sitaki kuieleza sana. Aliiambia "ba... ba", na ikaandika kwamba haikuelewa, tafadhali jaribu tena. Alijaribu tena. Alijaribu mpaka mama akaja akaichukua mikononi mwangu na kuifunika kwa leso.

Ikabaki ya kalamu. Hii nilikuwa na imani nayo, kwa sababu mkono wa tata ulikuwa mkono wa vifaa. Aliishika vizuri, kwa ngumi, makali yakiangalia kifuani, kama kisu cha kuchongea. Kisha akaanza kuparua kioo kuja kwake, mparuo mfupi mfupi, akipuliza vumbi ambalo halikuwapo. Hakuandika herufi hata moja. Mama alisimama mlangoni akiwa na sufuria, akamtazama akipuliza. "Mwache," aliniambia. "Anafanya kazi."

Nilimrudishia bosi ile tableti ikiwa na mikwaruzo. Alipitisha kidole juu yake, hakusema neno, kama alivyoahidi. Alinionyesha tu kwenye simu yake tangazo la ile mpya itakayokuja. Unaweza kurekodi sauti yako mwenyewe, mgonjwa akigusa, inasema kwa sauti yake. "Ngoja hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo ya babako."

Jumamosi ile tulitafuta sauti ya tata kwenye simu za watu wote wa nyumbani. Picha zake zilikuwa tele. Tata na jiwe, tata na mzungu aliyenunua twiga, tata amevaa suti ya harusi ya mtu mwingine. Sauti hatukuipata.

Aliyetusaidia mwishowe ni mwanamke anayefundisha wagonjwa kusema upya. Alikuwa mtu wa Mombasa, mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka sisi tukaona haya kufungua vinywa. Alimsikiliza tata, akatikisa kichwa. "Masikini mzee wa watu, amkumbuka babake."

"Hapana daktari," mama akamwambia. "Hiyo si babake. Hiyo ni mamake."

"Sasa amtakapo mamake, mbona asiseme mama?"

"Si anasema mama! Anasema baba."

Yule dada alinitazama aone kama mama naye ni mgonjwa. Nikamweleza, akacheka mpaka akashika kiti, na mama akacheka, na hata tata akatoa kicheko cha nusu uso. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba kucheka tangu kiboko akose macho.

Alitupa tableti nzee, nzito, ya kioo kinachotaka kubonyezwa kwa nguvu badala ya kupapaswa. Dukani kwetu tungeona haya kuiweka kabatini. Ndani yake mlikuwa na picha kubwa: kikombe cha chai, kitanda, blanketi, jua, mwanamke mwenye kilemba, mwanamume mwenye ndevu. Ukibonyeza picha, sauti ya mwanamke inasema neno lake kwa Kiswahili, sauti ya mtu aliyekula akashiba. Picha na neno vilifungwa pamoja, havikubali kutenganishwa.

Tata alibonyeza mwanamke mwenye kilemba. "Mama," ikasema. Akatikisa kichwa. Akabonyeza kitanda, akabonyeza jua, akitafuta. Halafu akambonyeza mwanamume mwenye ndevu.

"Baba."

Alishtuka. Alimtazama yule mwanamume na ndevu zake, kisha akanitazama mimi, kisha ndevu tena. Kicheko kikaanza tumboni, kikapanda, kikamtikisa hadi machozi yakatoka kwenye jicho zima na kwenye lile lililokufa. Alibonyeza tena. "Baba." Akaninyooshea kidole. Halafu, bila mtu kumwonyesha, akabonyeza kikombe.

"Baba. Chai."

Nilikwenda jikoni nikiwa sioni njia. Shangazi alikuwa anachambua mboga. "Umesikia?" nikamwambia. "Anataka chai. Nyanya yangu hayuko hapa kuchemsha chai." Alisogea nipate nafasi mbele ya jiko.

Tukaishi hivyo majuma kadhaa, nami nasema wazi kwamba yalikuwa majuma mazuri. Niliomba ruhusa kazini nikakaa nyumbani. Nikiwa shambani nasikia yule mwanamke aliyeshiba akiita: "Baba. Blanketi." "Baba. Jua," yaani nitoe nje niote. Nami niliitika "Ee, tata" nikakimbia. Majirani wapya walidhani nimeweka ndevu.

Ile tableti ya bosi ilifika baada ya mazishi. Naiuza mpaka leo, na ni nzuri, sitaisingizia. Inarekodi sauti, kalamu yake inajua mkono mzito na mkono mwepesi. Wateja wakiniuliza ipi bora, kidole, kibodi, kalamu au sauti, nawauliza kwanza inamfaa nani, na wengine huona nawapotezea muda.

Lakini asubuhi ile ya mwisho sijaisema. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, mimi nafua uani. Nikasikia, "Baba." Nikangoja neno la pili kama kawaida, nijue nichukue kikombe au blanketi. Halikuja. "Baba." Nikajifuta povu nikaingia.

"Ee, tata. Niko hapa."

Nilikaa kitandani, nikamshika mkono uliokufa. Ule mzima ulikuwa juu ya tableti. Macho yake yalinipita begani, yakatulia karibu na mlango. Niligeuka, nikamwona shangazi tu, amesimama kizingitini na kapu lake, ameacha kutembea. Lakini tata hakuwa anamtazama shangazi.

"Baba," ikasema mashine.

"Tata, mimi huyu." Nikasogea mpaka uso wangu ukawa mbele ya uso wake. Aliinamisha kichwa kidogo, taratibu, ili aone nyuma yangu. Akabonyeza.

"Baba."

Niliweka kidole chake kwenye kikombe. Nikakiweka kwenye jua. Nikakiweka kwenye blanketi, nikibonyeza naye, mashine ikitaja kila kitu cha dunia hii kimoja baada ya kingine, naye akikirudisha kila mara pale pale, kwa mwanamume mwenye ndevu. Nilikuwa nimemshika mkono, naye alikuwa bado anaita.

Nilimtazama shangazi. Nilitaka aseme nimekosea, aseme ni mimi. Aliweka kapu chini. "Mwitikie," aliniambia. "Jina ni lako."

"Baba."

Nilifungua kinywa. Sauti ilipotoka ilitoka nzito, ya kikongwe, ile niliyokuwa nikimchekeshea zamani, ila sikuwa nacheza.

"Ee, omwana one," nikamwitikia.

Kidole kikaacha kubonyeza.