Kigogo cha Kulazia Kichwa

Nilipomwona Fundi Yotamu Kalinga kwa mara ya kwanza pale Mafinga, alikuwa ameinua ubao hadi usawa wa jicho la kushoto, la kulia amelifumba, kama mtu anayelenga shabaha. Jicho hilo la kushoto ndilo lililomwambia kuwa anaumwa.

Mwaka 1975 alikataa mbao nne mfululizo akidai zimepinda. Mkewe, Rozalia, akavuta uzi juu ya mbao hizo kuzipima.

"Baba Lusia, mbao zimenyooka. Uliyepinda ni wewe."

"Basi lete randa," akajibu.

Kabla ya hapo, uso wake ulikuwa ukiwaka moto ghafla na tumbo kumwendesha. Jirani yake Anania alieneza kwamba ni ulanzi, pombe ya mianzi, ingawa Yotamu hajawahi kuuonja. Madaktari wa hospitali ya Tosamaganga walikuta uvimbe utumboni, saratani ya aina inayomwaga kemikali mwilini na kuupasha uso joto. Wakihofu kuwa imefika hadi kwenye jicho, wakampeleka Nairobi.

Huko alichomwa sindano yenye dawa ya mionzi, kisha mashine ikapita polepole juu ya kichwa chake ikichapa vitone karatasini. Palipo na ugonjwa, vitone husongamana. Lakini kichwa kilicheza, picha ikaharibika. Ya pili vilevile.

"Mzee, tulia," akasihi mpiga picha.

"Mwanangu, mimi ubao siukati bila kuubana. Kichwa changu mbona hujakibana?"

Akaomba kipande cha mbao na kisu. Siku mbili akachonga kigogo chenye shimo la kisogo, akakitandika blanketi. Picha ya tatu ikatoka safi: vitone vimesongamana nyuma ya jicho la kushoto. Wiki tano akapigwa mionzi, kichwa kimelala juu ya kazi ya mikono yake mwenyewe, na wagonjwa wengine wakawa wanakigombea.

Aliporudi alimtandazia Anania karatasi ile. "Nionyeshe ulanzi uko wapi hapo."

Anania alicheka, akaomba radhi mbele ya watu.

Sasa hospitali ya Nairobi imeandika barua kumwomba vigogo vinne zaidi, viwili vya watoto. Amevichonga kwa msonobari wa msitu wa Sao Hill, laini kama sabuni. Ijumaa anaondoka navyo kwenda kupigwa picha nyingine. Vitone vikiwa vimepungua, jicho linabaki; visipopungua, litatolewa.

Jana nilimkuta ameinua ubao tena, jicho la kushoto wazi.

"Umenyooka, Fundi?"

"Unakaribia," alisema, akauweka chini taratibu.

Rozalia ameshafunga mzigo. Tunaisubiri Ijumaa.