Nyota za Kabati la Mama Hadja

Mashine ilifika kutoka Kipushi, mpakani, kwenye kiti cha nyuma cha taksi, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Mke wa kaka yangu, ambaye huvuka mpaka kila wiki kwenda kuchukua bidhaa Zambia, alikuwa ameipata kwa mtu aliyefunga duka lake la mabango. Tuliibeba watu watatu mpaka barzani, tukaivua blanketi, tukakaa kuitazama. Ilikuwa ndefu kama benchi, ina magurudumu madogo ya mpira ya kuvuta karatasi, na katikati kijisu kidogo kuliko punje ya mchele.

Papa yangu aliizunguka mara mbili, mikono nyuma. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi rangi wa reli. Aliandika namba na herufi juu ya mabehewa, kwa mkono, na hakuna mtu katika lupango, ua wetu wa nyumbani, aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo.

"Hii inafanyaka nini?"

"Inakataka, Papa."

"Inakataka nini?"

"Karatasi ya plastiki, ile ya autocollant, inajibandika yenyewe."

Akakigusa kijisu kwa kidole. "Bisu biliisha mu cuisine?"

Visu vya jikoni vilikuwepo tele, lakini nilikuwa na furaha. Tayari nilikuwa na miaka mitatu katika kazi ya kupaka rangi samani za zamani, hapo hapo kwenye barza ya nyumba yetu ya mtaa wa Bel-Air, Lubumbashi. Watu huniletea kabati la bibi, meza iliyochoka, kitanda kilichoachwa stoo. Mimi hupiga msasa, hupaka, kisha huweka mapambo. Mapambo hayo niliyafanya kwa pochoir: unatoboa umbo kwenye karatasi ngumu, unaibandika juu ya mbao, unapaka rangi, na ukiitoa umbo linabaki. Kutoboa kwa wembe ndiko kulikonimaliza. Ua moja lilikula asubuhi nzima na plasta mbili za vidole. Sasa mashine ingetoboa, na mimi ningekunywa chai.

Juma la kwanza nililewa. Sina neno jingine. Nilijifunza kwa video za mama mmoja aliyekuwa akitengeneza fulana, nikawa nabonyeza kwenye kompyuta kila alichobonyeza yeye. Kijisu kilikata jani, nikabandua, nikabandika, nikapaka, nikapata jani safi lenye kingo kama za pesa mpya. Kufika siku ya nne majani yalikuwa kwenye vigoda, kwenye mlango wa jikoni, kwenye sanduku la mkate, na kwenye redio ya Papa. Alitoka na redio mkononi.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita anapokasirika na anapofurahi, "mi nilikuwa nasikiliza habari, sasa nasikiliza mu bustani."

Hapo ndipo akaja Mama Hadja. Ni jirani yetu wa mtaa wa pili, mjane wa mfanyabiashara, wa familia iliyotoka Maniema zamani za babu zake. Alikuwa na kabati la vyombo alilorithi kwa mama yake, la mulombwa, ule mti mwekundu mzito ambao ukiudondosha unavunja mguu na wenyewe haukwaruziki. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na bakwe, yaani wakwe wa upande wa mume, wangekuja nyumbani baada ya majuma mawili. Alitaka kabati lile lipakwe kijani hafifu, liwe na nyota za pembe nane kwenye milango yote miwili, na juu, kwenye ubao wa mbele, neno moja kwa herufi kubwa: KARIBUNI.

"Utaweza?"

"Mama Hadja," nilisema, "niko na mashini."

Nilipolisema hilo Papa alikohoa, ingawa hakuwa na kikohozi.

Ilikuwa mwezi wa tisa, ule wakati ambapo vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia mpaka ndani ya chumvi. Nilizungushia barza mapazia ya zamani, nikapaka kijani tabaka mbili. Mashine ikakata nyota, karatasi nzima ya nyota, zote sawasawa kama zimezaliwa na mama mmoja. Nilizibandika mlango wa kushoto siku ileile, kwa haraka yangu, nikapaka rangi ya dhahabu, nikasubiri, nikavuta pochoir. Ikatoka na dhahabu. Ikatoka na kijani pia. Mahali pa nyota mbili palibaki mulombwa mtupu, mwekundu, ukinitazama.

Papa alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anamenya karanga. Alimenya nyingine tatu kabla ya kusema.

"Gundi yako iko na nguvu kuliko rangi yako."

"Naona, Papa."

"Rangi haijakomaa. Inakauka juu, ndani ingali mubichi. Ngoja siku tatu. Na ile karatasi, mbele ya kuibandika, ipunguze nguvu. Unaipigisha ku nguo, inakamata manyoya kidogo, gundi inatulia."

"Ku nguo gani?"

Ili kunionyesha, alichukua karatasi mpya ya nyota, akaibandua, akaipigapiga kwenye paja la suruali yake, ile ya kijivu ya kwendea misa. Mara mtu akabisha getini. Papa akatoka kumpokea. Ni mimi niliyemwona, kutoka barzani, akisimama barabarani akiongea kwa heshima na katekista wetu juu ya michango ya paa la kanisa, huku karatasi yenye nyota sita za pembe nane imemng'ang'ania pajani. Katekista alikuwa mtu mwenye adabu. Aliitazama, akatazama mbinguni, akaendelea na paa.

Lakini shauri lilikuwa zuri. Nilingoja siku tatu, nikarekebisha mlango, nikaituliza gundi. Papa akaniongezea la pili: brosi isinywe rangi nyingi, uifute kwanza kwenye kitambaa mpaka ionekane kavu, halafu ugonge taratibu, usisugue, rangi isipenye chini ya kingo. Nyota zikatoka. Nilikaa chini mbele ya milango ile miwili nikaona kwamba katika maisha yangu sijafanya kitu kizuri namna hiyo, na nikaanza kusahau ni nani aliyenifundisha kufuta brosi.

Likabaki neno. Bakwe wangefika keshokutwa yake.

Nikaandika KARIBUNI kwenye kompyuta, mashine ikakata. Nilipokuwa nanyofoa vipande vya herufi kwa kibano cha nyusi, Papa aliinama juu ya bega langu.

"Mama, hii maandiko inageuka."

Nami nilikuwa nimeona. Lakini yule mama wa fulana, katika kila video, kabla ya kukata, alibonyeza kitufe chenye pembetatu mbili zinazotazamana, na herufi zake ziligeuka hivyohivyo, na mwishoni zilikaa sawa kifuani mwa fulana. Nilikuwa nimekibonyeza kitufe hicho tangu siku ya kwanza. Kwenye nyota hakikuleta shida yoyote.

"Papa," nikasema kwa upole wa mwalimu, "ni technique. Inageuka kwanza, kisha itajirudisha."

"Itajirudisha vipi?"

"Sawa muhuri. Muhuri ukiutazama si unageukaka?"

"Muhuri unaupiga kichwa chini. Hii unaibandika uso juu."

"Papa, mi njo nilitazama video, si wewe."

Akavuta kiti, akakaa mahali pa kuona vizuri, akachukua karanga zake.

Nilibandika. Nikafuta brosi, nikagonga dhahabu tabaka mbili. Nilipovuta pochoir, kingo zilikuwa safi hata ungeweza kunyolea ndevu. Papa alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya serikali:

"I-nu-bi-rak." Akanigeukia. "Hii iko Kirusi?"

Kwa kweli ile R na ile N zilikuwa za Kirusi kabisa. Nikacheka, kisha nikaona siwezi kuacha, kisha nikagundua kwamba si kicheko tena. Fulana hupigwa pasi karatasi ikiwa imepinduliwa, kwa hiyo herufi hugeuzwa kwanza. Mbao haipinduliwi. Nyota ya pembe nane ukiigeuza ni ileile, ndiyo maana ilinificha ujinga wangu karibu majuma mawili.

Nilipiga msasa ubao ule, nikaupaka kijani upya, nikaukausha kwa kuupepea na kifuniko cha sufuria, maana siku tatu za kungoja sikuwa nazo. Asubuhi yake, siku moja kabla ya bakwe, niliwasha mashine. Haikuwaka. Courant ilikuwa imekatika mtaa mzima. Tulingoja mpaka saa sita, tukangoja mpaka saa nane. Mama Hadja akatuma salamu kwamba vijana wa kubeba kabati watakuja saa kumi na moja.

Papa aliingia chumbani. Alirudi na brosi mbili nyembamba zilizofungwa kwenye kitambaa, brosi ambazo sikujua kama bado anazo, nywele za brosi zimepakwa mafuta zisikauke.

"Nipe chaki," alisema.

Akapiga mistari miwili. Akachovya brosi kwenye dhahabu, akaanza. K yake ilisimama kama mlango wa kanisa. Wamama wa jirani wakasogea kutazama, na hilo ndilo lililoharibu mambo, maana Papa hawezi kufanya kazi mbele ya watu bila kusimulia. Kwenye A aliwaeleza jinsi behewa linavyooshwa. Kwenye R aliwaeleza kuhusu mkubwa wake mmoja asiyejua kusoma. Herufi zikazidi kunona. Alipofika kwenye N, ubao ulikuwa umebakiza nafasi ya vidole viwili.

Wamama wakainama kuipima kwa macho.

"Papa," nikasema, "I haina fasi."

"I ni nyembamba," akajibu, na akaichomeka pale pembeni, imenyooka, imebana pumzi.

Vijana walikuja saa kumi na moja kamili, wakalibeba kabati likiwa bado linanuka rangi, na mimi nikiwa nyuma yao nawapigia kelele wasiguse juu.

Kesho yake, bakwe walipokuja, nasi tulialikwa. Sebuleni kwa Mama Hadja kabati lilikuwa ukutani mbele ya mlango, kila aliyeingia analiona kwanza. Shangazi wa bwana harusi, mama mkubwa wa sauti kubwa, alisimama akalisoma, akaigusa ile I ya mwisho kwa kidole.

"Nani aliandika? Hii ni mukono ya muntu kabisa."

Mama Hadja akamwonyesha Papa. Papa akainamisha kichwa, akakubali sifa bila hata chembe ya aibu, kisha akamweleza habari za mabehewa. Mimi nilikaa pale na sahani yangu ya pilau. Mwishowe shangazi akazigeukia nyota.

"Na hii ma-autocollant mulinunua wapi?"

Nikamsogelea. "Mama, si ya kununua. Nilipaka miye."

"Wewe?" Akaikwaruza nyota moja kwa ukucha. Haikubanduka. Akakwaruza ya pili. "Apana. Iko bien sana. Muntu hawezi."

Nilitaka kuanza kueleza kompyuta na kijisu, nikaona sitafika popote. Papa ndiye aliyeweka kijiko chini.

"Mama," akamwambia, "ni mutoto wangu njo alifanya. Mashini ilikata karatasi tu. Kungoja rangi, kubandika, kugonga brosi, ile yote ni mukono yake. Mi nilikuwa pale, nilimuona. Nilimuona na alipokosea."

"Alikosea?"

"Sana," akasema Papa kwa fahari.

Shangazi alinitazama upya, safari hii kwa kunipima. Akasema nyumbani kwake ana kitanda cha zamani, cha mbao nzuri, ambacho hakuna anayekitaka. Nikamwambia akilete Jumatatu.

"Jumatatu tutakuwa na nafasi," Papa akathibitisha.

Niliisikia ile "tu" yake. Nilimsogezea bakuli la pilipili, naye akaomba sahani ya pili.