Punje ya Ulezi

Dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu ya Sumbawanga, alikuwa na mashavu yenye vishimo vya chunusi za zamani, na kioo chake alikitundika kimegeukia ukuta. Dawa ya chunusi, ile ya salfa inayonuka kiberiti, alikuchotea kwa kijiti kwenye kopo ulilokuja nalo mwenyewe, maana miaka ile hata vikopo vilikuwa vimeadimika. Kisha alitoa mfukoni punje moja ya ulezi, akaiweka kwenye ncha ya kidole. “Kiasi hiki kwa chunusi moja. Jioni tu. Asubuhi unanawa.” Kila mgonjwa, punje ileile, maneno yaleyale.

Dada yangu Cornelia, aliyebakiza wiki tatu afunge ndoa, aliona punje ile ni ubahili. Akajipaka uso mzima asubuhi na jioni, na siku ya tano ukawaka moto na kubambuka. Nilimrudisha kajitanda kanga hadi machoni.

“Shikamoo. Nimejiharibu?”

“Marahaba.” Dresa alimfunua taratibu, akamgusa kwa mgongo wa kidole. “Umekandika, mwanangu, kama mtu anayekandika nyumba. Pumzisha dawa, paka mafuta ya mgando. Ngozi itarudi.”

Siku mbili kabla ya harusi tulirudi; dresa alimkagua uso uliokwisha kupona, akaenda ukutani, akageuza kioo. Cornelia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Dresa, aliyesimama nyuma yake, alijikuta naye yumo kiooni. Hakuondoka. Alipapasa shavu lake, akatabasamu.

“Mimi hakuna aliyenionyesha punje.”